Alichosema Mutie Mbele ya Hakimu

Jamhuri,
3 Februari 2025

Wajina wangu Mwelu,

Kutoka Kileleshwa mpaka hapa Jamhuri hata kuku akiamua atafika, lakini wewe tangu Krismasi sijaona hata kisigino chako. Kwani Ngong Road imefungwa na mimi sikuambiwa? Ulikula muthokoi wangu, ukabeba mwingine kwa bakuli langu la maua, ukasema, "Susu, nitarudi wiki ijayo." Wiki ya nchi gani hiyo? Mimi nyanya yako nimekupa jina langu, si ruhusa ya kunisahau.

Usishtuke kwa barua. Anayeandika ni Peres wa mlango wa pili, yule mwalimu mstaafu. Mwandiko wake ni mzuri kuliko tabia yake. Ameniangalia vibaya lakini ameandika. Atakayeileta ni Waithera anayekufulia nguo. Simu ninayo, ila jambo hili silitaki kwenye simu. Maneno ya simu yakishasemwa yanakufa, na mimi nina maneno mengine yaliyokufa hivyo. Hayo yananitosha.

Uliniahidi utaitafuta faili ya baba yako mahakamani. Sasa nitakwambia kwa nini naitaka, maana Krismasi watu walikuwa wengi.

Siku baba yako Mutie alipopelekwa mbele ya hakimu nilikuwepo. Nilitoka Mwingi na hati ya shamba ndani ya kiondo, kwa sababu nilisikia mtu akiweka shamba mwanawe anatolewa. Kiswahili wakati huo sikukijua hata cha kuomba maji. Mimi na Kikamba changu tulikaa kwenye benchi. Walimleta kizimbani, amekonda mpaka shati linamvaa yeye. Hakimu akauliza kitu, nikasimama, nikaonyesha karatasi yangu. Ndipo mwanangu akaanza kusema. Kwa Kizungu, Mwelu. Hakubabaika. Nikajisemea, tazama, Mutie wa Mwelu anaongea na hakimu kama watu waliokula sahani moja. Watu wote wakageuka kunitazama. Mimi nikatabasamu.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona akiwa hai. Alirudishwa rumande, wewe ukiwa bado unanyonya, na huko ndiko maradhi yalikommaliza. Sikujua kwa nini hawakumtoa, wakati shamba nilikuwa nimelibeba. Kila mtu aliniambia, "Mama, mambo ya korti ni magumu."

Na tangu hapo anakuja. Haji usiku kama majini ya watu wengine. Anakuja mchana, nikiwa nimeinamia sufuria. Ananisemesha kutoka nyuma kwa Kizungu kile kile. Neno siwezi kulishika hata moja, nashika mlio wake tu, unavyopanda halafu unashuka. Nikigeuka ni pazia. Nimemwambia mara nyingi, "Mutie, nyumba hii tunaongea Kikamba." Haachi.

Peres anasema karatasi za korti si siri, mtu yeyote anaweza kwenda kuuliza. Miaka yote hii nilidhani ni mali ya serikali kama bunduki. Nenda uulize mwanangu alisema nini. Sitaki kuzikwa bila kujua.

Susu yako,
Mwelu


Kileleshwa,
12 Februari 2025

Susu wangu mpendwa,

Nisamehe. Bakuli lako liko salama na nimelifunika kabisa. Kazini wametukaba, lakini najua hilo si jibu, kwa hiyo sitalisema tena.

Niliomba ruhusa nikaenda. Masijala, yaani pale wanapoweka faili, ni chumba chenye dirisha dogo, na foleni inafika kwenye ngazi. Ndani kuna karani anaitwa Odero. Amevaa sweta nzito na joto lote hili, anakula karanga moja moja.

"Namba ya kesi?" akaniuliza.

"Sina."

"Mwaka?"

"Tisini na sita. Mwezi sijui."

"Sasa dada, una nini?"

Nikamwambia, "Nina baba." Sijui kwa nini nilisema hivyo, Susu, na ukumbuke sina. Aliweka karanga chini. Akaniambia niingie kwa mlango wa pembeni.

Amenieleza vizuri. Kesi zote za mwaka zimeandikwa kwenye rejista, vitabu vikubwa kama meza. Ukipata jina unapata namba, ukipata namba unaweza kuitafuta faili kwenye ghala la chini. Kuisoma ni haki ya kila mtu. Nakala ya kubeba nyumbani ndiyo inaombwa kwa maandishi, na hapo wanataka kujua wewe ni nani wa marehemu. Shida ikaja hapo. Cheti changu cha kuzaliwa hakina jina la baba. Mama aliandikwa peke yake.

Odero anasema unaweza kuapa mbele ya wakili kwamba Mutie alikuwa mwanao na mimi ni mtoto wake. Unaweka kidole, inatosha. Pia nikumbushie: ilikuwa msimu gani, na walisema ameiba nini? Rejista ni nyingi.

Nilishuka naye mpaka ghalani kuona. Susu, ni pakubwa. Faili zimefungwa kwa kamba, zimepangwa mpaka darini, na kuna baridi ya mahali ambapo watu wamengoja sana. Odero alitembea mbele akizima taa za nyuma yetu ili kuokoa stima. Kila nilipogeuka, tulikotoka palikuwa giza.

Mjukuu wako,
Mwelu


Jamhuri,
20 Februari 2025

Wajina,

Umefanya vyema, lakini barua si miguu. Bado sijakuona.

Ilikuwa msimu wa kupalilia, mvua ya kwanza ilikuwa imepita. Walisema ameiba vitambaa kwa duka alilokuwa akiuza pale Ngara. Kama aliiba, aliiba. Mutie hakuwa malaika, na mimi sikuzaa malaika. Nilitaka kumtoa hivyo hivyo.

Jana Peres alinipeleka kwa wakili, huko huko Ngara, ghorofani juu ya duka la sahani. Nilipanda ngazi nikimlaani aliyezijenga. Wakili mwenyewe ni kijana, anaitwa Wachira, ana tai ndefu kuliko subira yake.

"Cucu, unaapa kwamba Mutie alikuwa mtoto wako?"

"Mimi si Mkikuyu, niite Susu. Na nimemzaa. Hilo nalo huapiwa?"

"Sheria inataka uape."

"Sheria ilikuwa wapi nikisukuma?"

Peres akacheka mpaka akashika meza. Wachira naye akacheka, mtoto mzuri, halafu akaandika. Akanisomea: mimi, Mwelu, naapa kwamba Mutie ni mwanangu wa kumzaa, na Mwelu mdogo ni binti yake. Akaniuliza kama ni sawa. Nikamwambia aandike pia kwamba nilimpenda. Akasema hakuna nafasi ya hilo. Karatasi yote ile, na hakuna nafasi. Nikaweka kidole. Nilikikandamiza mpaka wino ukaonekana upande wa pili.

Kuna kitu nilisahau kukwambia. Mutie alipomaliza kusema, karani wa korti alinigeukia mimi akaniuliza swali. Kwa Kiswahili, nadhani. Shemeji yangu alikuwa amenionya kabla sijapanda basi la Nairobi: "Huko mkubwa akikusemesha, usibishane naye. Itikia kwa kichwa, tabasamu, atakuhurumia." Nikafanya hivyo. Hakimu akaandika. Nikasubiri nje ya lango mpaka watu wakaisha, nikijua anatoka.

Leo Mutie amekuja tena nikichagua maharagwe. Mlio ulipanda, ukashuka. Nikamwambia, "Ngoja, binti yako anakuja na maneno yako."

Kiapo kimo ndani ya bahasha hii. Waithera asikikunje.

Susu yako,
Mwelu


Kileleshwa,
14 Machi 2025

Susu,

Pole kwa kukawia. Nimeenda mahakamani tena, lakini inaonekana faili ya zamani hivyo haiwezi kupatikana. Karatasi nyingi ziliharibika kwa unyevu. Wanasema hakuna la kufanya.

Nafikiri tumejaribu vya kutosha. Baba amepumzika, nawe sasa upumzike. Nitakuja kazi ikipungua.

Wako,
Mwelu


Jamhuri,
17 Machi 2025

Mwelu,

Peres amenisomea barua yako mara mbili, kisha nikamwambia aikunje, nimesikia.

Wewe mtoto, unanidanganya. Kusoma sijui, lakini watu nawasoma. Barua yako ya kwanza ilikuwa na Odero, karanga, sweta, taa zinazimwa nyuma yenu. Hii ya pili haina mtu hata mmoja. "Wanasema." Akina nani wanasema? Ukisema kweli unataja watu. Tangu ukiwa mdogo ukivunja kikombe ulikuwa unasema, "kimevunjika."

Tena nimemuuliza Waithera. Usimgombeze, nilimbana kwenye kona. Amesema kuna bahasha ya kaki juu ya kabati lako na hutaki iguswe hata kupanguswa vumbi. Amesema pia umeacha kufungulia redio.

Umeisoma. Ndiyo maana huji.

Sikiza. Nimemzika mume, nimemzika mwana. Mutie nilimwosha kwa mikono hii, kwa sababu aliyekuwa na kazi hiyo alitaka kumwosha haraka haraka. Neno gani la mwanangu litaniua mimi ambaye mwili wake haukuniua? Kama alinitukana, nataka tusi langu. Ni langu. Umekaa nalo Kileleshwa kama uliyelinunua.

Nakupenda sana, na kama ungekuwa karibu ningekufinya.

Susu yako,
Mwelu


Kileleshwa,
2 Aprili 2025

Susu wangu,

Ni kweli. Nimeandika barua hii na kuichana na kuiandika. Mwalimu Peres, tafadhali, kabla ya kuendelea kaa karibu naye, si ng'ambo ya meza.

Odero aliipata. Ilikuwa nyembamba sana, Susu. Nilitarajia kitu kizito, nikapewa kitu kama daftari la mtoto wa nasari. Alinipa kiti, akaniambia mwandiko wa hakimu ni mbaya, nikikwama nimwite. Sikukwama. Nilitamani nikwame.

Kesi yenyewe haikusikizwa. Yote ni siku ile moja na mistari michache ya baadaye. Imeandikwa kwa Kizungu, na mimi nakuwekea kwa Kiswahili jinsi ilivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

Hakimu ameandika kwamba mshtakiwa anaweza kutolewa kwa dhamana akipata mdhamini mwenye shamba. Kisha ameandika: "Mwanamke mmoja amesimama na hati ya shamba. Anadaiwa kuwa mama wa mshtakiwa."

Kisha: "Mshtakiwa anasema: Huyo mwanamke si mama yangu. Mama yangu alikufa zamani. Simjui huyu, wala sijui alikotoka. Naomba asikubaliwe kunidhamini. Arudishiwe karatasi yake aende kwao."

Hayo ndiyo maneno, Susu. Ndiyo yale yaliyopanda na kushuka.

Ningependa kuishia hapo lakini umeniambia nisidanganye. Mstari unaofuata unasema: "Mahakama inamuuliza mwanamke huyo, kupitia karani, kama ni kweli hamjui mshtakiwa. Mwanamke anatabasamu na kuitikia kwa kichwa."

Chini yake: "Hakuna mdhamini. Arudishwe rumande." Halafu tarehe nyingine, mvua ya pili nadhani, na maneno haya tu: "Mshtakiwa amefariki. Faili ifungwe."

Sasa unajua kwa nini sikuja. Kila nilipochukua mkoba nije, nilikuona umesimama pale na kiondo, unatabasamu. Sikuweza kukutazama usoni nikiwa na hilo mdomoni. Na redio nimeizima kwa sababu mimi sikuwahi kumsikia baba. Wewe unaye anayekusumbua, mimi sikuwa na hata huyo. Tangu nilipoisoma ile karatasi nimekuwa nikisimama jikoni nikisikiliza. Juzi nikioga nilisikia mtu sebuleni akisema kitu kwa utaratibu, kwa Kizungu. Nikatoka na sabuni mwilini. Hakukuwa na mtu. Sijui kama nilifurahi au niliogopa.

Jambo moja tena. Nakala niliyopewa ndiyo ile iliyo kwenye bahasha ya kaki, na Odero aliniambia kila karatasi inayoletwa kuomba nakala hubaki ndani ya faili. Alikitoboa kiapo chako, akakifunga kwa kamba ile ile, juu ya ukurasa wa siku ile. Alipomaliza aliweka kiganja juu ya faili kidogo, kama mtu anayepima joto la mtoto, halafu akairudisha ghalani.

Nisamehe kwa kukuficha. Kama hutaki kuniona kwa muda, nitaelewa.

Mwelu


Jamhuri,
9 Aprili 2025

Wajina wangu, mtoto wa mwanangu,

Nani amekwambia sitaki kukuona? Hilo umelitoa wapi? Hata kwenye faili halimo.

Peres alisoma akafika kwenye maneno ya Mutie akaishusha karatasi. Nikamwambia, "Soma, mwanamke, usinifanye yai." Akasoma. Alipomaliza nikainuka nikaosha kikombe ambacho kilikuwa safi, nikakiosha tena.

Kwanza nilimkasirikia. Mama yako amekufa, Mutie? Mimi nimesimama hapo na viatu vya kuazima, miguu imefura kwa basi, unaniua mbele ya watu, na mimi nakuchekea? Nilimgombeza pale pale kwenye karo. Peres anaandika haya na analia, mwache alie, machozi si wino.

Kisha nikakumbuka kitu ambacho hakimu hakukiandika, kwa sababu hakukiona. Asubuhi ile, kabla hawajamwingiza, walinikubalia nimsalimie kupitia nondo. Nilimwonyesha hati. Nikamwambia, "Usiogope, nimelileta shamba lote." Uso wake ukabadilika. Nilidhani ni furaha, mpumbavu mimi. Baba yake alikuwa amekufa, baba yako mdogo Nthiwa alikuwa shuleni, na shamba lile ndilo lilikuwa sahani yetu. Mutie alijijua. Pengine alikuwa anapanga kutoroka wakimfungulia, na hakutaka kutoroka na shamba la mama yake, maana korti ingelichukua. Pengine alijua yeye ni wa kufa. Sitajua, na karatasi yako haisemi. Lakini mtoto anayesema "arudishiwe karatasi yake aende kwao", huyo hajamkana mama yake. Huyo anamfukuza mama yake kwenye moto.

Na mimi nilimwitikia kwa kichwa. Hilo ndilo litakalokaa nami. Si kwamba alisema hanijui. Ni kwamba aliniangalia akasubiri, na akaniona nikikubali. Alirudi rumande akijua nini? Kwamba mama ameelewa mpango wake na kuufuata? Au kwamba mama amemwachilia kweli? Nimewaza mpaka kichwa kinagonga. Shamba lipo mpaka leo. Nthiwa alisomeshwa nalo, nawe ulinyweshwa uji wake mama yako alipokauka maziwa. Ningelitoa lote, na ng'ombe juu, nipate tu kuulizwa lile swali tena.

Tena kuna hili, na nakwambia wewe peke yako. Peres anaandika lakini yeye si mtu, ni kalamu. Tangu barua yako isomwe, Mutie hajaja. Nimeinamia sufuria, nimechagua maharagwe, nimeita hata jina lake. Kimya. Jikoni pamekuwa kama kanisa siku ya kazi. Watu wangesema sasa amepumzika, nishukuru. Mimi sishukuru. Nilimzoea. Nimeogopa nyumba hii kwa mara ya kwanza, kwa sababu imenyamaza.

Kwa hiyo usibebe hilo jambo peke yako huko juu kwenye ghorofa. Ulidhani nitakufa nikilisikia. Nitakufa, ndiyo, lakini si kwa hilo, na si kabla hujaja.

Uje Jumapili tukitoka ibada. Usile njiani. Lete ile bahasha ya kaki. Ukifika usinisomee kwa Kiswahili, Kiswahili nimeshasikia. Nisomee kwa Kizungu, kama kilivyoandikwa, polepole, usimame mlangoni nyuma yangu mahali anaposimama yeye. Wewe una koo lake, tangu utotoni nilikwambia. Mimi nitakuwa nimekaa, nimekupa mgongo. Ukifika pale wananiuliza kama ni kweli simjui, niguse bega, halafu unyamaze. Kilichoandikwa hapo usikisome. Hapo nitajibu mwenyewe.

Mama yake Mutie